Uzi wa Bi Mwatum Sharti Ukatike

Umande ungali unadondoka kwenye mikarafuu, na tayari akina mama wamejipanga mbele ya banda la makuti, kila mmoja na mtoto wake kiunoni. Bi Mwatum Usi amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kifuani kama mtu aliyejiandaa kufua. Kabla hajampokea mtoto, humpitisha kidole shingoni.

Kidole kinaingia chini ya uzi wa hirizi na kuuvuta. Uzi ukikatika kwa kidole kimoja, mtoto anapokewa, anafungiwa mwengine mwembamba vile vile, na anawekwa mkekani. Usipokatika, mtoto hapokewi.

"Nenda kaufungue, kisha urudi," anamwambia mama mmoja aliyekuja na uzi mweusi wa kushonea magunia. "Sina ugomvi na mwanao. Nna ugomvi na uzi wako."

Halafu anamgeukia mwandishi wa habari hii, aliyesimama pembeni akijiona mgeni wa heshima. "Na wewe, kalamu yako hiyo ina kifuniko?"

Inacho.

"Nipe. Utakipata ukiondoka. Mwana wa watu akikimeza, utakitoa kwa hayo unayoyaandika?" Kifuniko kinafungwa kwenye pindo la kanga, na siku nzima wino unamwagika kwenye mfuko wa shati la mwandishi. Hakuthubutu kukidai.

Banda hili limo ndani ya shamba moja jirani na Kizimbani, na msimu wa karafuu umeshika moto. Wasomaji wa mjini, ambao karafuu wanaijua kwa harufu tu pale magunia yanapopita njia ya bandarini, pengine hawajapata kujiuliza nani aliyeichuma. Wengi wao ni watu wa kusini na mashariki ya kisiwa. Hufunga nyumba zao Bwejuu na vijiji jirani, huja mume na mke na vyungu vyao, wakajenga vibanda shambani na kukaa hapo mpaka karafuu ziishe. Kambi hiyo huitwa dago. Na mtu akienda dago na mkewe, watoto huwaacha na nani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: chini ya mti. Mama hufunga kanga kwenye tawi, humlaza mwanawe ndani ya bembea hiyo, kisha hupanda ngazi juu yake. Kutoka juu huanguka matawi makavu, na mara nyengine ngazi yenyewe. Anayetambaa huwachwa chini pamoja na siafu. Aliyeanza kutembea hujitafutia njia ya kisimani.

"Nimechuma miaka ishirini," anasema Bi Mwatum, mzaliwa wa Bububu, mjane, mwenye umri ambao mwenyewe anaukadiria kwa mvua kubwa na vifo vya wakubwa. "Kila msimu tulikuwa tunazika. Si kila dago, lakini kila msimu. Tunasema ni amri ya Mungu, tunarudi juu ya ngazi. Nami nnasema ni amri ya Mungu, lakini Mungu hakutwambia tumning'inize mtoto chini ya ngazi."

Misimu mitatu iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi hizo hizo, na kiuno chake hakikupona sawasawa. Kupanda tena hawezi. Nokoa, yaani msimamizi wa shamba, mzee mmoja mkimya aitwaye Mabrouk, alimpa kazi ya kuchambua karafuu, kuzitenga na makonyo, yaani vijiti vyake, kazi ya vikongwe. Hakuipenda. Badala yake alikwenda kumwomba banda la zamani la magunia.

"Nilimwambia, nipe banda, nikupe wachumaji wasioangalia chini," anaeleza. "Kalifikiria siku nzima. Nokoa wetu hata salamu huifikiria."

Malipo yake si makubwa. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na kila mama jioni humtolea Bi Mwatum kibaba kimoja, robo ya pishi, kutoka katika mchumo wake. Zikiwa karafuu zimejaa mtini anapata riziki yake. Zikipungua, yeye ndiye wa mwanzo kulijua hilo, kwani mkono mtupu haulambwi. Lakini hakuna mama anayelalamikia kibaba hicho. Kazija, msichana wa Bwejuu mwenye mtoto wa kiume anayetambaa, anasema akichuma na mtoto mgongoni hafikishi hata nusu ya pishi anazopata sasa. "Na hapo jicho moja kwenye karafuu, jicho moja nyuma. Nishakosa tawi la kukanyaga mara mbili."

Ndani ya banda kuna taratibu, na ole wa atakayezivunja. Kuzunguka mkeka pamemwagwa majivu, duara kamili, ili siafu wasivuke. Maji ya kunywa yamechemshwa asubuhi na kutiwa mtungini, kata haiwekwi chini, na hakuna mkono unaogusa uji kabla ya kugusa sabuni. Mafuta ya taa hayaingii bandani katika chupa ya soda, hayaingii kabisa. Kichanga hulazwa chali, uso wazi. Mama aliyezoea kumfunika mwanawe gubigubi kwa kanga ili asionwe na macho mabaya, huambiwa kwa upole kwamba macho mabaya hayafiki hapa ila kwa ruhusa ya Bi Mwatum.

Karafuu nazo ni haramu. Majamvi ya kuanikia yapo upande wa pili wa ua, na mwana anayerudi na kitu mdomoni hupinduliwa mara moja, kichwa chini, kiganja mgongoni. Mwandishi ameliona hilo kwa macho yake mchana huu: kikarafuu kimoja kibichi kikaruka mpaka kwenye majivu, mtoto akalia, Bi Mwatum akacheka. "Alie. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mengine alifundishwa na muuguzi wa zahanati, mengine alijifunza kwa macho. Lakini lile la uzi hakufundishwa na mtu. Lile lilitoka nyumbani kwake.

Binti yake, Mwanamwema, sasa ni mwanamke mzima na yumo mtini hapo nje akichuma. Alipokuwa wa kutambaa alifungwa hirizi shingoni, kama walivyofungwa mama yake na bibi yake. Siku moja alisimama akishikilia mlango wa chumba. Uzi ukanasa kwenye kigingi cha kutundikia vikapu. Miguu ikateleza.

"Nilikuwa jikoni, nnakuna nazi," anasema Bi Mwatum, na hapa sauti yake inashuka. "Hakulia. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mtoto anayening'inia halii. Nilisikia kishindo tu, nikatoka, nikamkuta chini, uso umeiva, hirizi iko juu kigingini. Uzi ulikuwa mkuukuu, umeoza kwa jasho na mafuta ya nazi. Umekatika wenyewe."

Anamfuta kamasi mtoto aliye karibu.

"Na ndani ya kasha nilikuwa nishanunua uzi mpya, madhubuti, kutoka Darajani. Nilikuwa nnangojea Ijumaa nimfunge. Ningekuwa hodari kidogo tu, leo sina mtoto."

Tokea hapo hakuuamini tena uzi madhubuti. Alijaribu nyuzi za pamba, akaziona zina nguvu. Akajaribu kuihamishia hirizi mkononi, mkwewe akakataa: aliyeiandika alisema shingoni. Mwishowe alichukua ukindu anaosukia mikeka, akauchana kwa ukucha mpaka ukawa mwembamba, akaufunga. Unabeba hirizi. Haubebi mtoto.

"Watu hudhani mimi nnapinga hirizi," anasema. "Mimi mwenyewe nnayo. Sikatazi hirizi. Nnakataza uzi."

Si kila mtu aliyelipokea jambo hilo kwa furaha, na mwandishi hakulazimika kwenda mbali kulithibitisha. Jua limefika utosini, uji umeshanywewa, nusu ya watoto wamelala, na nje inasikika hodi ya mtu asiyengojea kukaribishwa.

Ni Bi Mwanaasha, mama mkwe wa Kazija. Ametoka Bwejuu alfajiri kwa gari la samaki, mkononi ana pakacha la pweza mkavu, na usoni ana habari aliyoisikia huko kwao. Mtoto wa Kazija, Simai, ni mjukuu wake. Na Bi Mwanaasha si bibi wa Simai peke yake. Ni mkunga, wanawake wote wa Bwejuu waliomo katika dago hili, ama aliwazalisha, ama aliwapokea wao wenyewe walipozaliwa.

Kazija ameitwa, anakuja mbio, mikono inanuka karafuu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Karibu Bi Mwanaasha," anasema Bi Mwatum. "Kaa kitako, upumzike. Njia ya Bwejuu si mchezo."

"Sikuja kukaa," anajibu, na anakaa, kwani kweli si mchezo. Anampakata Simai, anambusu kichwani, kisha anatafuta shingo yake. "Nilisikia mjukuu wangu kavuliwa mshipi kavishwa jani. Nikasema, watu waongo."

Anauvuta ukindu. Unakatika hapo hapo. Hirizi inabaki kiganjani mwake, na anaiinua ili kila mtu aione.

"Uzi gani huu?" anauliza. "Haufai."

Kutoka kwenye pindo lake anatoa mshipi wa kuvulia, umekunjwa vizuri, mweusi kwa kutiwa gome la mkoko. Ni ule ule aliomfungia Simai siku ya arubaini na ambao Kazija, baada ya Bi Mwatum kumkataa mwanawe mara tatu mlangoni, aliufungua kwa woga na kumpelekea mumewe Jecha auweke. Jecha, bila ya kufikiri, aliurudisha kwa mama yake pamoja na salamu.

"Kwenye mshipi huu kanasa nguru mzima, kapigana nao mpaka kachoka, haukukatika," anasema Bi Mwanaasha. "Na huyu nitamfunga huu huu. Na nnakwenda naye nyumbani leo."

Simai bado ananyonya. Akienda Bwejuu, mama yake lazima amfuate, na msimu wake umekwisha. Nyumba yao imevuja mvua mbili zilizopita, na makuti mapya yalikuwa yatoke katika karafuu hizi. Tena akina mama wengine wa Bwejuu wamekwisha kusogea mlangoni na vikapu vyao, wanasikiliza. Mkunga wao akiondoka na Simai, nao wataondoka na watoto wao, si kwenda Bwejuu bali kurudi chini ya ngazi. Bi Mwatum analijua hilo.

"Mama," anasema Kazija polepole, "hapa anatunzwa."

"Wewe nyamaza. Yule mwanao wa mwanzo hukumtunza? Tulimtunza sote." Bi Mwanaasha anamgeukia Bi Mwatum, na ukali umemtoka, kimebaki kitu chengine kinachoumiza zaidi kukitazama. "Wa mwanzo hakuwa na kitu shingoni. Tulisema tutamwandikia, tutamwandikia. Homa ikaja usiku, asubuhi hayupo. Nilimwosha kwa mikono hii hii iliyompokea. Huyu, dada yangu, sitaki awe mtupu hata kwa kupepesa jicho."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa mjini wanaocheka hirizi wangekuwapo mlangoni pale, wasingecheka. Mwandishi alikuwapo, na aliinamisha kichwa.

Bi Mwatum naye hakubishana. Aliinuka kwa taabu, akachukua kibuyu kinachotundikwa nyuma ya mlango, akakitia maji.

"Bi Mwanaasha, Simai uzito wake kama hiki?"

Mkunga anakipima kwa mkono mmoja, mkono uliopima watoto wa kijiji kizima. "Simai mzito kuliko hiki."

Bi Mwatum anaongeza maji. "Sasa?"

"Sasa ndiyo."

"Nipe mshipi wako."

Anaufunga kwenye shingo ya kibuyu, fundo kama lile la hirizi, si la kukaza, la kuacha nafasi ya vidole viwili. Kisha anautia kitanzi kwenye kigingi cha mlango na kukiachia kibuyu.

Kinaning'inia. Kinazunguka upande mmoja, kinarudi upande wa pili. Bi Mwatum hakishiki. Anakwenda kukaa mahali pake na kukiacha pale, na watu wote wanakitazama kikizunguka, na mshipi haukatiki, wala hauonyeshi dalili ya kukatika. Kazija anageuka ukutani. Mtu mlangoni anasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini.

Ni Bi Mwanaasha mwenyewe anayesimama. "Kiteremshe."

"Ngoja kwanza," anasema Bi Mwatum. Anakiteremsha, anafungua mshipi, anafunga ukindu, anakitundika tena pale pale.

Hakikai hata kidogo. Kinaanguka mchangani kwa kishindo, kinabingirika, maji yanamwagika mpaka kwenye mkeka. Simai, aliyeachwa chini, anatambaa haraka mpaka kwenye dimbwi na kulipiga makofi.

"Kishindo kama hicho ndicho nilichokisikia mimi," anasema Bi Mwatum.

Wakati huo Mwanamwema ameshateremka mtini na kujipenyeza kati ya wenzake. Hakuulizwa kitu. Anafungua ushungi wake na kuinua kidevu. Chini ya taya, kuelekea sikioni, kuna mstari mwembamba, umepauka, ambao mtu asiyeujua angedhani ni mkunjo wa ngozi. Bi Mwanaasha anautazama kwa muda. Kisha anampitisha kidole shingoni, taratibu, kutoka upande huu mpaka upande ule, kama anavyofanya Bi Mwatum kila asubuhi.

"Huyu ni wako?" anauliza.

"Wangu. Uzi uliooza ndio ulionipa."

Bi Mwanaasha anarudi kukaa. Anaitazama hirizi aliyokuwa ameibana kiganjani wakati wote ule, anaifuta kwa pindo la kanga.

"Hirizi ikianguka huokotwa," anasema, na haijulikani anamwambia nani. Halafu anamwita Kazija, kwa sauti ya mama mzazi. "Njoo umshike mwanao, nimfunge. Na wewe dada, nipe huo ukindu wako."

Anaufunga mwenyewe. Mara ya kwanza unakatika kwa sababu mikono yake imezoea kukaza. Mara ya pili anaufunga kwa ncha za vidole, na midomo yake inasoma kitu ambacho hakimhusu mwandishi wa gazeti. Akina mama mlangoni wanatawanyika, mmoja mmoja, kila mtu kwenye mti wake. Kazija ndiye wa mwisho kuondoka, na anaondoka akikimbia, kwani amekosa pishi nzima.

Jioni inakaribia na watoto wanaanza kuchukuliwa. Bi Mwatum anamweleza mwandishi anachokitaka, bila ya kuulizwa, huku akikosha vikombe. Anataka ua wa kuzungushia banda. Nokoa Mabrouk amekwisha ahidi miti ya kujengea, naye ahadi yake ni nzito kwa kuwa huchukua muda kuitoa. Anataka msimu ujao mwanamke mmoja wa makamo katika kila dago, mwenye banda, majivu na sabuni, na yuko tayari kumfundisha yeyote atakayekuja, hata kama kiuno chake kizima. Anataka pia kwamba mwaka mmoja, kabla hajafa, upite msimu ambao hakuna mama anayerudi nyumbani na mikono mitupu.

"Si jambo kubwa," anasema. "Karafuu wanazihesabu kila pishi. Na watoto nao wahesabiwe, asubuhi na jioni, idadi iwe ile ile."

Anafungua pindo la kanga na kumrejeshea mwandishi kifuniko cha kalamu. Anatazama doa la wino kwenye shati, anatikisa kichwa, lakini haombi radhi.

Bi Mwanaasha hakuondoka na gari la mchana. Atalala hapa, kwa mwanawe Jecha, na kesho atarudi Bwejuu, ambako kuna watoto wengi aliowapokea na kuwafunga mishipi kwa mikono yake, na wengine wako njiani kuzaliwa. Ameomba furushi la ukindu achukue. Sasa amekaa kizingitini bega kwa bega na Bi Mwatum, furushi mapajani, Simai amelala kati yao chali, uso wazi.

Anachambua uchane mmoja mmoja. Anauvuta kwa kidole, unakatika, anautafuta mwenzake wa rangi ile ile na unene ule ule, na huo mzima anauweka upande wa kulia. Anachukua mwengine, anauvuta, unakatika. Anachukua wa tatu. Huu ni mnene kidogo. Anauvuta, anauvuta tena kwa nguvu, kisha anautupa uani.

"Huu haufai," anasema. "Haukatiki."